Mutoto Muchanga Ndani ya Mashua

Kuna asubui moja ambayo sitaisahau. Nilikuwa kando ya Ziwa Albert, upande wetu wa Kongo, nikingoja mashua ya kuvuka ngambo ya Uganda. Karibu nami familia moja ilikuwa imekaa juu ya mizigo yake. Walikuwa wametoka mbali, kule kwenye machimbo ya zahabu. Baba alikuwa kijana wa nguvu, na mikono yake ilionyesha kazi anayofanya. Mama alikuwa na mutoto wa miezi 4 mugongoni. Mutoto mwingine, wa miaka 2, alikuwa akicheza na muchanga mbele yao.

Walikuwa na furaha. Baba alikuwa amepata feza kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao alikuwa amesema: “Mwaka huu sisi pia tutafanya vakanse. Tutaenda kuonyesha mama yangu batoto.” Maana nyanya wa watoto alikuwa anakaa ngambo tangu miaka ya vita, na hajaona hata mumoja wa wajukuu wake.

Mashua ikafika. Ilikuwa ndefu, ya mbao, na mota moja nyuma. Wakapakia kwanza mifuko, kisha magodoro, kisha mbuzi, kisha watu. Niliona maji yakipanda kidogo kidogo karibu na ukingo. Mama yule akasimama, lakini hakupanda.

“Papa wa batoto, hii mashua imejaa,” akasema kwa sauti ndogo.

“Tulishalipa,” mume akajibu. “Batu wote banapanda. Ni wewe peke yako unaogopa?”

Kapiteni akaita: “Mama, ingia upesi, nafasi ingali!”

Mama akauliza: “Jile ya mutoto iko?”

Kapiteni akacheka. “Mama, hapa hatuuzi manguo ya batoto!” Na watu wote ndani ya mashua wakacheka pamoja naye.

Mbele sijakuambia ginsi ilivyoisha, tuzungumuze kwanza juu ya jambo hili. Watu wa kwetu wanavuka ziwa kila siku: kwa biashara, kwa ndoa, kwa matanga, kwa vakanse. Na wengi wao wanabeba watoto. Je, tunajua kuwabeba?

ZIWA LETU SI MUCHEZO

Ziwa Albert lina urefu wa kilometre karibu 160, na upana wake unapita kilometre 30. Anayesimama Kasenyi ao Tchomia wakati wa ukungu haoni ngambo. Upande wetu, Milima ya Bleu inasimama kama ukuta juu ya ziwa. Wavuvi wanajua ginsi upepo unavyogeuka: asubui maji yanaweza kutulia kama maji ya beseni, na mbele ya jua kuzama mawimbi yamekuwa makubwa kuliko mashua.

Zamani wazee wetu waliona meli kubwa ya chuma, yenye vyumba vya kulala, ikifika Kasenyi na Mahagi-Port. Jina lake lilikuwa Robert Coryndon. Ilianza kazi karibu na mwaka 1930, na ikazama Butiaba, upande wa Uganda, katika miaka ya 1960. Leo wengi wetu tunavuka kwa mashua za mbao.

Siku ya 22 mwezi wa 3 mwaka 2014, mashua moja iliyobeba wakimbizi Wakongomani ilipinduka katika ziwa hili. Walikuwa wametoka kambi ya Kyangwali, Uganda, wakirudi kwao. Serkali ya Kongo ilitangaza watu 251 waliokufa. Miili zaidi ya 100 ilipatikana katika siku za kwanza, na zaidi ya nusu ilikuwa ya watoto. Mupenzi, soma tena maneno haya: zaidi ya nusu.

Tena mwezi wa 10 mwaka 2024, kwenye Ziwa Kivu, mashua yenye kujaa kupita kiasi ilitoka Minova, ikazama wakati ilipokuwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, pale Goma. Watu waliosimama kwenye bandari waliiona ikizama. Basi tusiseme: “Tumekaribia, hakuna hatari tena.”

Katika ajali nyingi namna hii sababu zinafanana: watu wengi mno, mizigo mingi mno, upepo, na jile hazitoshi ao hazipo kabisa.

HATA MELI ZA WATAJIRI ZINA MUPAKA

Kuna watu katika inchi za mbali wanaofanya vakanse ndani ya meli. Meli hizo ni kama muji unaotembea juu ya maji: kuna vyumba, chakula, muganga, hata bwawa la kuogelea. Nyingine zinafika mpaka Mombasa na Zanzibar. Utafikiri kwamba mule mutoto wa umri wowote anaweza kuingia. Hapana! Kampuni nyingi za meli hizo hazikubali mutoto wa chini ya miezi 6. Na kwa safari ndefu za kuvuka bahari kuu, wengi wanataka mutoto awe ametimiza miezi 12.

Kwa nini? Kwa sababu mutoto muchanga anaharibika upesi. Homa ya asubui inaweza kuwa hatari ya kifo mangaribi. Muganga wa melini ana chumba kidogo na dawa kidogo, na hospitali iko mbali kule kwenye inchi kavu.

Tena katika sheria ya mataifa juu ya meli, safari inayopita saa 24 inadai kila mutoto muchanga awe na jile ya ukubwa wake. Wakati wa kuondoka, abiria wote wanaonyeshwa ginsi ya kuvaa jile na mahali pa kukutana kukiwa hatari. Katika meli nyingi watoto wanafungwa mukononi kitu kidogo kinachoonyesha mahali pao.

Sasa tujiulize. Kama wale wenye meli ya chuma na muganga wanangoja miezi 6, sisi wenye mashua ya mbao tunaharakisha nini? Nyanya anaweza kungoja. Vakanse inaweza kungoja. Kama hakuna lazima, mutoto wa chini ya miezi 6 abaki kwenye inchi kavu.

JILE NI NINI, NA YA MUTOTO IKOJE?

Jile ni koti ya kuelea. Wazazi wengi wanafikiri kwamba jile ya mutu mukubwa itamusaidia mutoto. Si kweli. Mutoto akianguka majini na jile kubwa, jile inapanda juu na mutoto anateleza chini.

Jile nzuri ya mutoto muchanga ina mambo matatu:

1. Kola kubwa nyuma ya kichwa, inayogeuza uso wa mutoto juu.

2. Mukanda unaopita katikati ya miguu, ili jile isitoke kichwani.

3. Mushipi wa kushikia nyuma ya shingo, ili mutu aweze kumuvuta mutoto kutoka majini.

Ndani ya jile wanaandika uzito wa mutoto inayemufaa, kwa kilo. Basi pima mutoto kwenye kituo cha afya mbele ya kununua ao kuazima. Kisha umuvalishe nyumbani. Funga mikanda yote, na umwinue polepole ukishika jile kwenye mabega. Kama masikio yake yanaingia ndani ya jile, hiyo ni kubwa mno kwake. Mwache aizoee ndani ya nyumba, ili asiilie siku ya safari.

Wengine watasema: “Jile ni garama.” Ni kweli. Lakini familia 5 ao 6 za mutaa mumoja wanaweza kuchanga na kununua jile mbili za watoto, ili kila anayesafiri aazime na kurudisha. Tunachanga kwa ndoa, tunachanga kwa matanga. Je, hatuwezi kuchanga ili matanga isikuwe?

MBELE YA KUTOKA NYUMBANI

- Angalia karti ya chanjo. Chanjo ya surua na ya homa ya manjano inatolewa katika miezi 9. Mutoto aliyekosa, apelekwe mbele ya safari.

- Mutoto mwenye homa ao kuhara asisafiri.

- Chemusha maji ya kunywa na uyaweke ndani ya bidoni safi yenye kufungwa vizuri. Kolera inajulikana sana kando ya ziwa letu. Maji ya ziwa si ya kunywa, hata katikati ya ziwa ambapo yanaonekana kuwa safi.

- Mutoto wa chini ya miezi 6 anyonye ziwa la mama tu. Hata katika joto hana lazima ya maji mengine. Mama ndiye anapaswa kunywa maji mengi.

- Andika jina la mutoto na namba ya telefone ya wazazi juu ya kipande cha kitambaa, na ukishone ndani ya nguo yake.

- Beba chandarua. Bandarini mutangoja, pengine mutalala, na mbu hawaulizi kama muko safarini.

- Hesabu watu wakubwa. Kila mutoto mudogo awe na mutu mukubwa mumoja wa kumushika. Mama mwenye watoto watatu asivuke peke yake. Atafute dada, shemeji ao jirani wa kwenda naye.

Kumbuka tena kwamba Bunia iko juu, zaidi ya metre 1,200, na ziwa liko chini, karibu metre 600. Ukishuka njia ya Bogoro utasikia joto linaongezeka. Mutoto uliyemufunika kofia ya manyoya na blanketi mbili asubui pale Bunia, atatoka jasho sana kule Kasenyi. Umupunguzie nguo. Lakini weka nguo kavu ndani ya sashe iliyofungwa, maana ndani ya mashua maji yanaruka, na mutoto aliyelowana anapata baridi upesi sana.

NDANI YA MASHUA

Angalia ukingo kwanza, mbele ya kuangalia nafasi ya kukaa. Kama mashua ingali bandarini na maji yamekaribia ukingo, mawimbi yatafanya nini kule katikati? Tangu mwaka 1876, sheria ya Uingereza ilidai alama ichorwe ubavuni mwa meli: maji yasipite alama hiyo. Mashua zetu nyingi hazina alama. Basi macho yako yawe alama.

Usivuke usiku pamoja na mutoto. Usivuke wakati mawingu meusi yanasimama. Uliza wavuvi waliotoka majini asubui ile, si yule anayetafuta abiria tu.

Sasa, mama, nisikilize vizuri juu ya kikwembe. Kumubeba mutoto mugongoni ni desturi nzuri, na inchi kavu haina shida. Lakini ndani ya mashua usimufunge mugongoni, wala kifuani kwa vifundo vya nguvu. Mashua ikipinduka, hutaweza kumufungua. Wewe utajaribu kuinua kichwa, naye atakuwa chini ya maji mugongoni mwako. Umuvalishe jile yake, umushike mikononi mbele yako, ukae chini katikati ya mashua, mbali na ukingo.

Usimulaze mutoto kwenye sakafu ya mashua. Maji yanayokusanyika pale mara nyingi yamechanganyika na esanse, nayo inaunguza ngozi laini. Kaa mbali na mota na moshi wake.

Mufunike kwa kivuli, lakini hewa ipite. Mutoto wa miaka 2 na kuendelea anaweza kutapika kwa sababu ya mawimbi. Umupe chakula kidogo na maji kidogo kidogo. Usimupe dawa ya kulalisha. Mutoto aliyelevywa na dawa hawezi kusaidiwa vizuri kukiwa hatari.

Mutoto akianza kuhara, fanya maji ya sukari na chumvi: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vyenye kusawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Umupe kidogo kidogo na uendelee kumunyonyesha. Maji hayo yasipitishe saa 24. Mukifika ngambo, mutafute muganga.

Na mukifika, musiwaache watoto waoge kando ya ziwa. Kuna bilharzia katika maji ya Ziwa Albert. Tena mutoto mudogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magoti yako. Hapigi kelele. Anazama kimya, mama yake akingali anasalimia watu.

MUTOTO AKITOKA MAJINI

Mutoto akiwa hapumui, usimushike miguu na kumuninginiza kichwa chini. Usimukamue tumbo. Hiyo inapoteza wakati. Mulaze juu ya kitu kigumu, funika kinywa na pua yake kwa kinywa chako (kama ni mukubwa kidogo, funga pua na upulizie kinywani), umupe pumzi ndogo 5, kila moja mpaka kifua kiinuke. Kama hajaamuka, bonyeza katikati ya kifua mara 30 upesi upesi, kwa vidole gumba viwili kama ni muchanga, kwa mukono mumoja kama ni mukubwa kidogo. Kisha pumzi 2, na tena 30. Usiache upesi. Kijana, unaweza kujifunza kazi hii kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Ni elimu inayofaa kuliko nyimbo nyingi za radio!

Mutoto anayepumua lakini ametetemeka kwa baridi, mutoe nguo zote za maji, mupanguse, umuweke ngozi kwa ngozi kifuani mwako, na kikwembe kikavu juu yenu wote wawili. Mwili wa mama ni jiko lisilo na makaa.

NA WALE WANAOKIMBIA?

Najua wengine watasoma haya na kusema: “Sisi hatukuchagua.” Mwaka 2018 maelfu na maelfu ya watu wa Ituri walivuka ziwa hili wakikimbia, na watoto mikononi, bila jile, bila chakula. Mama aliyefanya hivyo hakukosa. Moto ulikuwa nyuma yake. Hatumuhukumu hata kidogo.

Lakini hata katika kukimbia kuna kitu kidogo kinachosaidia. Bidoni tupu yenye kufungwa vizuri inaelea. Haiwi sawa na jile, lakini mutu mukubwa anayeishika anaweza kubaki juu ya maji na kumushika mutoto. Na kikwembe kisifungwe mugongoni. Haya hayadai feza.

Tena, kwa sababu wengine hawakuwa na uchaguzi, sisi tulio na uchaguzi tuutumie vizuri.

MAMA YULE ALIFANYA NINI?

Turudi bandarini. Watu walikuwa wangali wanacheka. Mama hakujibu. Akamuchukua mutoto wa miaka 2 kwa mukono, akarudi nyuma, akakaa juu ya godoro lao ambalo lilikuwa halijapakiwa.

Mume alikasirika sana. Nilimuona akiangalia mashua, kisha akiangalia muke wake, kisha akiangalia watu. Ni vigumu kwa mwanaume kuchekwa mbele ya watu. Mama mumoja muzee, muuzaji wa samaki, akamuambia: “Mwana wangu, feza ya mashua utaipata tena katika shimo. Hawa batoto, utabachimba wapi?”

Yule baba akanyamaza. Kisha akashusha mizigo yao. Walimurudishia nusu ya feza tu, naye hakubishana.

Musomaji, pengine unafikiri nitakuambia kwamba mashua ile ilizama. Hapana. Ilifika salama. Jioni telefone zilipigwa kutoka ngambo, watu wote wazima. Na yule baba akamutazama muke wake na kusema: “Unaona?”

Mama akajibu: “Ninaona, na ninashukuru Mungu. Lakini asubui hatukujua.”

Jibu lile lilinifundisha kuliko mahubiri mengi. Maombi ni mema, nasi wote tunaomba mbele ya kuvuka. Lakini kuomba hakutoi mufuko hata mumoja ndani ya mashua iliyojaa. Mutoto muchanga hawezi kusema: “Mama, tungoje.” Wewe ndiwe sauti yake.

Siku mbili nyuma, familia ile ilivuka asubui mapema, ziwa likiwa limetulia, katika mashua yenye watu wachache. Mutoto mukubwa alikuwa na jile aliyoazimwa na familia moja ya wavuvi. Na yule muchanga? Alibaki na mama yake kwa ndugu zao Bunia. Baba alivuka na mutoto mumoja na picha ya mwingine. Nyanya alilia kwa furaha, akasema atangoja.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani ana ruhusa ya kusema “tusipande”? Je, mama anasikilizwa?

2. Katika mutaa wetu, tunaweza kuchanga namna gani ili tupate jile za watoto?

3. Vijana, mukichekwa kwa sababu ya kukataa hatari, mutajibu nini?

4. Kuna safari gani katika familia yetu ambayo inaweza kungoja miezi michache?